Majani Yakinyauka

Ukitaka kujua kama Dereva yuko nyumbani, hukuwa na haja ya kubisha hodi. Uliangalia ndala zake mlangoni. Za watu wengine wa nyumba ile zilikaa kama zilivyovuliwa, moja huku, nyingine kule. Zake zilipangwa sambamba, vidole vikielekea barabarani, kama gari lililoegeshwa kwa kurudi nyuma.

Siku moja nilimuuliza sababu, maana mimi siwezi kuona kitu cha namna hiyo nikakiacha kipite.

"Msomi," alisema, "egesha wakati bado una nguvu. Saa ya kuondoka hujui itakukuta na hali gani."

Kila kitu alikiegesha hivyo. Baiskeli ya mwanawe aliigeuza. Kiti chake cha plastiki pale barazani alikigeuza. Mkewe akisahau jembe limelala kwa namna asiyoipenda, Dereva alinyanyuka taratibu, akaligeuza, akarudi kukaa.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Hapa Bariadi madereva hawahesabiki. Wapo wa bodaboda, wa fuso za ng'ombe, wa mabasi ya Mwanza. Lakini mtaani kwetu ukisema "Dereva" bila kuongeza neno, watu walijua unamsema jirani yetu wa nyumba ya bati la bluu, aliyeendesha semi la marobota ya pamba kutoka Maswa mpaka Dar es Salaam. Hata mkewe, Mama Kabula, alimwita hivyo. "Dereva kaamka?" "Dereva hali mlenda leo." Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la mahaba. Baadaye nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri jambo sijui kuliacha, kwamba labda hakuwahi kupata muda wa kutosha kumjua kwa jina jingine.

Nyumba yetu na yao zimetenganishwa na uzio wa minyaa usioficha kitu. Tulijua wanakula nini, na wao walijua mimi nimeomba kazi wapi na nimekataliwa wapi. Nilirudi na shahada yangu nikiwa na hakika kwamba nitakaa nyumbani miezi mitatu. Ilipofika mwaka wa pili, Dereva alikuwa mtu pekee mtaani ambaye hakuniuliza "Vipi, bado?" Aliniita Msomi, kwa mzaha wa upole, na kila safari aliniletea kitu.

Zawadi zake zilikuwa za barabarani. Vitunguu vya Singida, zabibu za Dodoma, machungwa ya Morogoro. Kwa niliyokula kwake ningeweza kuchora ramani ya nchi nikiwa nimefumba macho. Alijua tuta lipi Manyoni limezidi urefu. Alijua mama ntilie gani wa Igunga hutia chumvi mara mbili akiwa na hasira. Lakini siku mwalimu alipomuuliza mtoto wake yuko darasa la ngapi, alimgeukia Mama Kabula na kusubiri, kama mtu asubiriye tafsiri.

Kabula mwenyewe alipokuwa na miaka minne alimwona baba yake akiingia baada ya wiki tatu, akakimbilia jikoni kumwambia mama: "Mgeni amekuja. Yule wa vitunguu."

Watu wote barazani walicheka. Dereva naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Halafu akatoka kwenda kukagua matairi ambayo nilikuwa nimemwona akiyakagua nusu saa iliyopita.

Hakuweza kulala kitandani. Hili mama yangu alilijua kupitia uzio. Mama Kabula alikuwa akianika michembe ya viazi juu ya turubai, akasema bila kuinua kichwa, akimwita mayu, yaani mama, "Analala kwenye kiti. Mikono iko hivi, mayu. Kama kashika usukani."

"Basi wewe kaa kiti cha abiria," mama yangu alitania.

"Abiria si hufika? Mimi ni kituo. Anashusha, anapakia, anaondoka."

Mama yangu alicheka, kisha akaacha kucheka.

Semi halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri mmoja aliyekaa Mwanza, ambaye Dereva alikuwa ameonana naye ana kwa ana mara chache mno. Mkataba wa maandishi hawakuwa nao. Mkataba wao ulikuwa simu. Ilikuwa inalia asubuhi, mchana, wakati wa ugali, wakati wa sala, na swali lilikuwa moja: "Uko wapi?" Nilimwuliza kwa nini tajiri anauliza, wakati gari limefungwa kifaa kinachomwonyesha lilipo.

"Anajua nilipo," Dereva alisema. "Ananiuliza ili mimi nijue kwamba anajua."

Mama Kabula naye alipiga simu na swali lake lilikuwa hilohilo, ingawa yeye aliuliza kwa sababu nyingine. Dereva alipenda kusema kwamba duniani ana watu wawili wa "uko wapi", na kwamba yule wa "ukoje" bado hajapata vocha.

Kauli zake za namna hiyo zilikuwa nyingi na vijana wa bodaboda pale kijiweni walizirudia kama zao. "Usingizi hauna breki." "Ukiona barabara imenyooka sana, jua inakubembeleza." Lakini iliyonikaa mimi aliisema siku alipokuwa na kikohozi cha wiki mbili na bado alikuwa anajiandaa kusafiri. Mama yangu alimwambia aombe ruhusa apumzike.

"Dada yangu," alimjibu, "gari likikohoa linapelekwa gereji siku hiyohiyo. Dereva akikohoa anaambiwa afunge kioo."

"Lakini wewe ni mtu."

"Mimi ni leseni. Na leseni ziko nyingi, zimekaa pale geti la kiwanda cha pamba Maswa zinasubiri nikohoe kwa nguvu zaidi."

Aliwahubiria vijana wote wapumzike na yeye hakupumzika. Alichukia sana kuendeshwa na mtu mwingine. Akiwa ndani ya basi mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo mpaka Mwanza. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda kanisani kila alipokuwepo, na rozari ilining'inia kwenye kioo cha gari, lakini chini ya kiti aliweka kipande cha mti alichopewa na baba yake kule Bukundi. Nilipoviona vyote viwili alieleza kabla sijauliza: "Huyu wa juu anaangalia mbele. Huyu wa chini anaangalia nyuma. Mimi nina macho mawili tu." Ukimsalimia "Mwangaluka" alijibu "Mhola", yaani salama, kama tunavyojibu sote. Awe na homa, awe ametoka kumzika mdogo wake, alijibu mhola.

Na alikuwa mtu wa kutoa majani.

Wasiosafiri sana huenda hawajui. Gari kubwa likiharibika katikati ya njia, dereva hukata matawi yenye majani na kuyalaza barabarani, fungu moja hapa, jingine hatua kadhaa mbele, na jingine karibu na gari. Anayekuja nyuma akiyaona anapunguza mwendo, anajua mbele kuna gari bovu. Huo ndio ustaarabu wa barabara zetu. Tatizo ni kwamba wengi wakishatengeneza huondoka na kuyaacha. Dereva hakuvumilia hilo. Popote alipokuta majani yaliyosahauliwa alisimamisha semi, akashuka, akayasogeza kando kwa mguu na mkono.

"Majani yaliyoachwa ni uongo," alisema. "Na uongo ukizidi barabarani, siku ya ukweli hakuna atakayekanyaga breki."

Nilikuwa nimelijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo siku aliponipa lifti kwenda Maswa kwenye usaili, tukakuta majani njiani naye akaanza kupunguza mwendo, sikushtuka. Ilikuwa asubuhi nzuri, yeye anakwenda kupakia, mimi nimekumbatia bahasha ya vyeti ambayo tangu jana nilikuwa nimeifungua mara nyingi kuhakikisha havijatoka vyenyewe.

Alisimama mbali kuliko kawaida. Akashuka, akatembea kuyapita mafungu yote matatu, akaenda mpaka barabara ilipokata kona nyuma ya shamba la pamba, akapotea. Akarudi. Akayatoa majani. Akapanda, akaweka mkono kwenye ufunguo na hakuuzungusha. Akashuka tena. Akaenda mpaka kwenye kona tena. Aliporudi aliyaokota majani aliyoyatoa, akayarudisha barabarani, akasimama akiyatazama, akayatoa tena. Mara ya tatu alikwenda kwenye kona akikimbia.

Hakukuwa na gari lolote mbele. Alipopanda aliwasha gari bila kunitazama.

Niliitambua safari ile. Ni safari yangu ya kwenda kuhakiki kufuli ya mlango, kurudi kitandani, kwenda tena, kurudi, huku najua kabisa kwamba mlango umefungwa. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mwingine akiisafiri. Njia nzima iliyobaki nilitunga sentensi za kumuuliza, zenye adabu, zisizomdhalilisha, na kila niliyoitunga niliiona ina kasoro. Tulipofika Maswa nilisema, "Wabeja, baba," nikashuka.

Kazi sikuipata. Lakini si kazi niliyoiwaza wiki zilizofuata. Niliwaza kwamba mtu yule anabeba tani za pamba kupita katikati ya miji ya watu, na kwamba nimeona, na nimesema asante tu.

Niliwaza kumwambia Mama Kabula. Nikawaza atadhani namwita mumewe kichaa. Nikawaza kumwambia mama yangu, nikakumbuka uzio wa minyaa hauzuii maneno. Nikamwandikia Dereva mwenyewe ujumbe kwenye simu, nikaufuta, nikauandika kwa Kiswahili kizuri zaidi, nikaufuta. Yeye akaja na akaondoka, akaja na akaondoka. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. Siku mlango wa jirani ulipogongwa na upepo aliruka kutoka kwenye kiti, akamwaga chai, akamfokea Kabula ambaye hakuwa amefanya lolote. Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja wakati huo. Alimtazama baba yake kwa utulivu, akasema, "Ukiondoka kunakuwa kuzuri," akaingia ndani.

Asubuhi moja ya msimu wa pamba nilitoka kufagia. Semi lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara kuu, limeshapakiwa, turubai limefungwa kamba. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa Dereva kuna kichochoro cha kutosha mkokoteni. Katika kichochoro kile kulikuwa na mafungu matatu ya matawi ya mwarobaini. Yalikuwa mabichi. Moja lilikuwa karibu na barabara, jingine katikati, la tatu hatua chache kutoka mlangoni.

Mama Kabula aliyaona wakati huohuo.

"Nani?" alipiga kelele. "Nani ametega mlangoni kwangu?"

Watu walitoka kama walikuwa wanasubiri. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu alisema asiyakanyage mtu, akataka aitwe mtaalamu mmoja kutoka Bukundi aje kuyategua. Fundi baiskeli alisema huenda ni mbuzi. "Mbuzi wa kupanga mafungu matatu?" bibi alimjibu. "Huyo si mbuzi, huyo ni karani." Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita alisimama, akaangalia kichochoro, akapiga honi.

"Mama Kabula, punguza mwendo! Hapo mbele kuna gari bovu!"

Walicheka. Hata Mama Kabula alitaka kucheka. Na mimi, kwa kuwa macho yangu hayawezi kutulia mahali pamoja, nikaziangalia ndala mlangoni. Zilikuwa sambamba kama siku zote. Lakini vidole vilielekea ndani.

Ndani simu ilikuwa inalia. Ilikatika, ikaanza upya. Hakuna aliyeipokea.

"Mwacheni alale," Mama Kabula alisema. "Anaondoka saa tatu. Ngoja nifagie uchafu huu kabla hajauona, asije akasafiri na mkosi." Akaenda kuchukua ufagio.

Najua nilichowaza, kwa sababu nimekirudia mara nyingi. Kama nimekosea, nimemwaibisha mbele ya mtaa. Kama nimepatia, nimemwaibisha zaidi. Labda kuna mtu mkubwa kuliko mimi ambaye ataona na kusema. Labda nisubiri watu watawanyike. Mama Kabula akarudi na ufagio, akainama kwenye fungu la kwanza.

"Mama Kabula, usiyatoe."

Aliinua kichwa. Wote waligeuka.

"Kwa nini?"

"Hajatega mtu. Ni majani ya Dereva." Sauti yangu haikuwa nzuri. "Ameyaweka mwenyewe. Kaharibikiwa, mama. Ameshindwa kusema."

Kijana wa bodaboda alizima pikipiki yake. Mama Kabula alinitazama mpaka nikatamani ardhi ifunguke. Kisha akatazama ndala. Akaegemeza ufagio ukutani. Akaelekea mlangoni, na nilishangaa kuona kwamba hakuyaruka majani. Aliyazunguka taratibu, fungu kwa fungu, kama magari yanavyofanya.

Alinipungia mkono nimfuate, nadhani kwa sababu aliogopa kuwa peke yake. Nilibaki kizingitini. Dereva alikuwa kwenye kiti, amevaa shati la safari, funguo za semi mapajani. Mama Kabula aliketi chini, mbele ya magoti yake. Halafu akamwita kwa jina lake. Lile jina halisi. Sikuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake.

"Ukoje?" alimuuliza.

"Mhola."

Simu ililia, ikakatika.

"Hapana," Dereva akasema. "Si mhola."

Aliyotueleza hayakuwa marefu. Mwaka uliotangulia alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam, safari mbili mfululizo bila siku ya nyumbani, tajiri anapiga kila saa kwa sababu kuna mzigo unasubiri. Mlimani Sekenke alikuta majani barabarani. Yalikuwa makavu, yamenyauka kabisa, mengine yamepeperushwa. Akafanya kama afanyavyo siku zote: akashuka, akayatoa yote, akasukuma matawi kwenye mtaro. Akapanda, akakata kona, na nyuma ya kona akalikuta lori. Lilikuwa limekaa pale siku tatu likisubiri kipuri, na yale yalikuwa majani yake.

"Nikasema nirudi niyarudishe," alisema. "Pa kugeuzia hakuna. Nikasema nisimame nirudi kwa miguu. Simu ikalia, uko wapi. Nikasema mbele nitasimama. Sikusimama."

Safari iliyofuata, kwenye hoteli ya kando ya njia, mhudumu alimsimulia huku akimwekea wali kwamba jioni ileile mtu mwenye baiskeli yenye mzigo wa mkaa alishuka mlima akalivaa lile lori kwa nyuma. Dereva hakuuliza kama mtu yule alipona. Alikula wali wote. Tangu siku hiyo, alisema, akifumba macho anasikia baiskeli.

"Miezi kumi na mitano," Mama Kabula alisema polepole, akihesabu kitu chake mwenyewe. "Miezi kumi na mitano umelala na baiskeli humu ndani, na mimi nasema huyu ana mwanamke Morogoro."

Sijui ni nani alianza, lakini walicheka, na kile kicheko kikamgeuka Dereva kikawa kilio, na mimi nikaondoka kizingitini.

Simu alikuja kuipokea Mama Kabula.

"Uko wapi?" nilisikia kupitia uzio, tajiri alikuwa na sauti kubwa.

"Yuko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani kwake."

Mchana alikuja dereva mwingine kuchukua funguo, kijana mpole aliyeona aibu hata kukaa. Dereva alimsindikiza mpaka kwenye semi, akamweleza kwamba gia ya tatu ni mkaidi na inataka kuombwa. Akatoa rozari yake na kipande chake cha mti. Semi likaondoka. Alirudi kwa kichochoro, akiyazunguka majani.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri mara moja, na nisingependa kuyapamba. Alikwenda hospitali, kwa daktari wa magonjwa ya akili, na mtaani wapo waliopunguza sauti alipopita. Yeye aliita kule gereji. "Kesho nina gereji," alisema, na Mama Kabula alivaa kitenge chake kizuri wakaenda wote. Vidonge alivificha kwenye kikapu cha vitunguu mpaka Kabula alipovikuta na kuviweka mezani karibu na chumvi, ambako vilibaki. Nyumba iliyozoea mgeni ilikuwa sasa na mwenyeji, na walianza kugombana kuhusu mambo ambayo wenzao walishayamaliza miaka ya kwanza ya ndoa: redio iwe juu kiasi gani, nani alale ukutani. Mama Kabula alilima vibarua, na siku nyingine jikoni kwao moshi ulichelewa.

Lakini kuna jambo niliona. Majani ya kichochoroni hayakukauka. Kila baada ya siku chache kulikuwa na mafungu mapya. Nilidhani ni Dereva, mpaka asubuhi moja nilipomwona Kabula akiwa na sare za shule, amepanda juu ya ndoo, anavunja tawi la mwarobaini. Aliondoa yaliyonyauka, akaweka mabichi, akapangusa mikono, akaenda shule. Sikumuuliza nani alimwambia. Kwa mara ya kwanza maishani niliona jambo nikaliacha lipite.

Kisha siku moja kichochoro kilikuwa kitupu, kimefagiwa, na ndala za Dereva mlangoni zilikuwa zimekaa ovyo, moja huku, nyingine kule.

Walihama baadaye, wakaenda Migato kwenye shamba la ndugu zake Mama Kabula. Sikumwona muda mrefu, mpaka mwezi uliopita.

Nilikuwa nimepata kibarua cha kuzunguka na kishikwambi nikiwauliza wakulima maswali kuhusu mbegu. Ilikuwa kazi ya wiki sita, na nilikuwa nimekwisha kuanza kuogopa wiki ya saba. Sikuwa nalala. Usiku nilipitia majibu ya wakulima nikihofia kwamba nimeandika ekari mahali pa kilo. Migato nilimkuta kando ya shamba, anakula matobolwa ya viazi kwenye bakuli. Trekta lilikuwa nyuma yake, limeegeshwa kwa kurudi nyuma. Hilo halikumtoka.

"Msomi!"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Mwenye trekta anataka nimalize leo, mimi nimemwambia saa kumi na moja nakwenda nyumbani. Alinuna. Nikamwambia nuna, mimi nina mtu ananisubiri tucheze bao."

Mtu huyo alikuwa Kabula. Alikuwa anamshinda baba yake, Dereva alisema, na alikuwa hana huruma.

Alinisimulia kwamba alikwenda Sekenke. Walipanda basi, yeye na Mama Kabula, na njia nzima alikanyaga breki yake isiyokuwepo. Waliulizia vijiji vya pale chini ya mlima mpaka wakampata mtu wa mkaa. Alikuwa hai. Mguu mmoja haukunjiki, anauza sabuni na kiberiti kwenye kibanda.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia yote. Majani, kona, simu."

"Akasemaje?"

"Nikaona sasa atachukua fimbo, na ningeipokea. Akasema, 'Umetoka mbali. Maji haya hapa.'"

"Alikusamehe?"

"Hakusema. Na mimi sikumuuliza." Alitafuna polepole. "Alinipa maji, nikanywa. Huwa tunasalimiana kwa simu. Ananiuliza kama mvua imenyesha huku."

Upepo ulikuwa unapita kwenye pamba. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, ukoje?"

"Mhola," nilisema.

Alinitazama. Aliweka bakuli chini, akanyanyuka, akaenda kwenye mti mdogo kando ya shamba, akavunja tawi lenye majani. Akarudi, akalilaza ardhini mbele ya viatu vyangu, akaketi mahali pake na kuendelea kula.

Nililitazama lile tawi. Nilitafuta sentensi iliyo sahihi na sikuipata, kwa hiyo nikaanza na isiyo sahihi. Nikasema nyingine. Nilisema kuhusu kufuli, ekari na kilo, wiki ya saba, bahasha ya Maswa. Nilisema kwamba nililala kwa saa mbili tu juzi na jana hata hizo sikuzipata. Hakunikatiza. Jua lilisogea mpaka kivuli cha trekta kikatufikia.

Ilipofika saa kumi na moja alisimama, akakung'uta suruali, akaelekea kwenye trekta. Nikainama niokote tawi ili nisiache uchafu shambani kwa watu.

"Liache," alisema. "Hujatengenezwa bado."

"Litakauka, baba."

"Likikauka weka jingine." Alipanda, akashika usukani, kisha akageuka. "Usiyaache yanyauke, Msomi. Atapita mtu mwema, atadhani ulishaondoka."